Baiskeli ya injini huku Olmotonyi: jinsi ya kuanza kuziunda na kuziuza, na pale nilipoumia mimi



Kila nikipita na baiskeli yangu ya injini kwenye njia za mashamba huku juu, au nikishuka nayo Ngaramtoni kwa pedeli injini ikiwa imezimwa, lazima machalii wawili watatu wanisimamishe. "Oya fundi, hiyo umeitoa wapi?" "Bei gani?" "Na mimi nataka kuanza, mtaji kama shilingi ngapi?" Majibu ya barabarani huwa ni ya haraka haraka, na kwenye jambo hili jibu la haraka linaweza kumvunja mtu bega. Ndio maana leo nimekaa chini niandike yote, pamoja na habari ya mzee mmoja jirani yangu aliyelazwa kwa ajili ya nati moja niliyoifunga mimi kwa mkono wangu.

Mimi ni fundi baiskeli hapa Olmotonyi. Wengi mnapajua kwa sababu ya Chuo cha Misitu, kile kilichoanza mwaka 1937. Asiyepajua aelewe hivi: tuko kwenye mteremko wa Mlima Meru, upande wa magharibi. Kwenda chini kila mtu ni bingwa wa baiskeli. Kurudi juu na dumu la maji au majani ya ng'ombe ndipo unapoona watu wazima wanasukuma, jasho linawatiririka. Hapo ndipo wazo la injini linapomjia mtu yeyote mwenye akili timamu.

WAZO LENYEWE SIO GENI

Msije mkadhani nimevumbua kitu. Mwaka 1946 huko Hamamatsu, Japani, baada ya vita, bwana mmoja aitwaye Soichiro Honda alipata injini ndogo za jenereta za redio za jeshi zilizobaki bila kazi. Akazifunga kwenye baiskeli. Mke wake, Sachi, alikuwa anaendesha baiskeli kwenda kutafuta chakula, na inasemekana taabu hiyo ndiyo iliyomsukuma jamaa. Petroli ilikuwa ya shida, wakawa wanaichanganya na tapentaini inayotoka kwenye misonobari. (Wenzangu wa huku kwenye mashamba ya miti, msijaribu, ntawaambia baadaye kwa nini mafuta ni jambo la kuheshimu.) Injini zile zilikuwa kama 500 tu. Zilipokwisha ilibidi atengeneze za kwake, mwaka 1947 ikatoka ya kwanza, na mwaka 1948 ikazaliwa kampuni ya Honda mnayoijua.

Nimeanza na habari hii kwa sababu ina somo la kwanza la biashara: Honda hakukwama kwa kukosa wateja, alikwama kwa kuishiwa injini. Na wewe utakwama hapo hapo. Kabla hujachukua pesa ya mtu yeyote, jua injini ya pili na ya tatu zinatoka wapi, pamoja na klachi na kabureta zake za akiba.

Na hapa kwetu Arusha wapo waliotangulia kuitazama baiskeli kama mashine. Bernard Kiwia, fundi baiskeli wa hapa hapa, alijulikana kwa kutengeneza vitu vinavyoendeshwa kwa pedeli, kikiwemo chaja ya simu ya kwenye baiskeli. Mwaka 2009 dada mmoja Mmarekani aliyesoma chuo cha MIT, Jodie Wu, alianzisha hapa Arusha kampuni ya Global Cycle Solutions. Walikuwa wanauza mashine ya kupukuchua mahindi inayofungwa kwenye baiskeli ya kawaida, na chaja za simu. Kifaa kilikuwa kizuri kweli. Lakini baadaye biashara yao ikaegemea zaidi kwenye taa za sola. Mimi nasoma hapo somo la pili: kutengeneza ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kumfikia mkulima kijijini, na kitu cha bei ndogo kinachotoka dukani kimekamilika ni rahisi kukiuza kuliko mashine inayohitaji maelezo ya saa nzima.

KITU CHENYEWE KIKOJE

Injini ninazoongelea ni zile za Kichina zinazokuja kwenye boksi zikiwa na kila kitu: injini ndogo ya mafuta ya kuchanganya, tangi, kabureta, ekzosi, cheni, sproketi ya nyuma na nyaya. Hakuna kiki wala staa. Unapiga pedeli, unaachia klachi, injini inawaka. Mara nyingi kwenye boksi wameandika 80cc. Usibishane na muuzaji, pima mwenyewe. Ya kwangu ina silinda ya kipenyo cha milimita 47, na pistoni inatembea milimita 38. Piga hesabu ya mduara mara urefu, unapata kama 66cc. Sio 80! Na huku juu hata hiyo 66 huipati yote. Hewa ya mlimani ni nyepesi, injini inapoteza kama asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda kutoka usawa wa bahari. Arusha iko kama mita 1,400, sisi tuko juu zaidi. Kwa hiyo asilimia 15 hivi imeshaondoka kabla hujapakia mzigo.

Hii inaleta mambo mawili ambayo fundi wa Dar hatakwambia:

1. Kabureta iliyosetiwa kwa ajili ya pwani huku inamwaga mafuta mengi. Ukitoa plagi ni nyeusi tii, imelowa. Fungua kabureta, kwenye sindano utaona kiklipu kimekaa kwenye mikato. Kipandishe mkato mmoja juu, sindano itashuka na mafuta yatapungua. Endesha, angalia plagi tena. Rangi ya kahawia kama chai ya maziwa ndiyo unayoitafuta. Ikiwa nyeupe umebana mno, rudisha, la sivyo utaiunguza pistoni.

2. Sproketi ya nyuma ya meno 44 inayokuja kwenye boksi ni ya tambarare. Huku weka kubwa. Ukienda meno 56, nguvu ya kusukuma gurudumu inaongezeka kama asilimia 27, na spidi inapungua kwa kiasi cha kukusaidia. Mteja kijana atalalamika kwamba haikimbii. Mwache alalamike.

Mafuta: injini hii haina oili yake peke yake, oili unaichanganya kwenye petroli. Mimi kwa lita 5 za kwanza naweka mililita 60 kwa kila lita, baadaye 40. Tumia oili ya injini za kuchanganya, sio ile chafu iliyotolewa kwenye gari. Na mfundishe mteja mpaka aweze kukurudishia maelezo kwa mdomo wake. Injini nyingi zinakufa kwa sababu mtu mwingine nyumbani alijaza petroli tupu, kisha lawama zote zinakuja kwa fundi.

BAISKELI YA KUFUNGIA

Hapa ndipo wengi mnapochemka. Mnahangaikia injini, mnasahau baiskeli. Piga hesabu hii ndogo. Mtu wa kawaida kwa pedeli anaenda kama kilomita 15 kwa saa. Ukimpeleka 40, spidi imeongezeka chini ya mara 3, lakini kazi ya breki kumsimamisha imeongezeka mara 7, kwa sababu nguvu ya mwendo inakua kwa spidi mara spidi. Breki za vyuma za Phoenix zetu na zile ringi za kung'aa, siku ya mvua hata kwa 15 zinasitasita. Kwa 40 kwenye mteremko wa Olmotonyi, utelezi wa masika... malizia mwenyewe.

Sheria zangu ni hizi:

- Fremu ya chuma, ya kiume yenye bomba la juu, isiyo na ufa wala sehemu iliyochomelewa zamani. Phoenix, Hero na Avon zina fremu ngumu. Gonga kila maungio, futa vumbi, tazama rangi iliyopasuka.
- Usitoboe bomba la fremu kupitisha bolti ya injini. Kamwe! Tundu moja kwenye bomba linalotetemeka ni ufa wa kesho. Kama injini haikai, tengeneza kibano kwa fundi wa kuchomelea.
- Gurudumu la mbele libadilishe: ringi ya aluminiamu na breki za kubana pembeni, za baiskeli za mtumba za milimani. Nyuma nako breki ifanye kazi peke yake bila kutegemea injini.
- Spoku za nyuma ziwe nene na zimekazwa sawa sawa, kwa sababu sproketi ya injini inabanwa kwenye spoku kwa mipira na bolti 9. Ikikaa upande hata kidogo, cheni inaruka na spoku zinakatika moja moja.
- Kila nati iwe na ya pili ya kuifungia au iwe ya kujikaza. Hii nati ndiyo inanileta kwenye habari ya mzee.

SIKU YA MZEE

Baiskeli yangu ya kwanza niliiunda ya kwangu, ikaenda vizuri. Ya pili nikamuuzia mzee jirani, anafuga, kila asubuhi anapeleka maziwa ya majirani kwenye kituo cha kukusanyia. Alilipa nusu, nusu nyingine tukakubaliana kwa miezi mitatu. Nakumbuka alivyonishika bega akaniambia, "Kijana wangu, umenirudishia miguu." Nilijiona mimi ndio mimi.

Wiki ya tatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mtoto wake akaja mbio nyumbani. Ilikuwa hivi: pembeni ya gurudumu la nyuma kuna kipande chenye gurudumu dogo la kukazia cheni, kinabanwa kwenye fremu kwa bolti mbili. Mtetemo ukawa unailegeza bolti moja taratibu. Siku hiyo kikazunguka kikaingia kwenye spoku. Gurudumu likajifunga ghafla akiwa anashuka. Maziwa yote chini, mzee akaangukia bega, mfupa wa mtulinga ukavunjika. Mungu saidia hakukuwa na gari nyuma yake.

Nilipoitazama baiskeli nilielewa kila kitu kwa dakika moja. Bolti ile haikuwa na nati ya pili. Siku ile niliyoifunga ziliniishia, nikasema nitaweka kesho. Kesho haikufika.

Niliuza baiskeli yangu mwenyewe, ile ya kwanza, nikalipa gharama za hospitali na maziwa ya watu. Nikamrudishia mzee pesa yake. Kwa wiki sita nilikuwa nampelekea maziwa mimi, kwa pedeli, bila injini. Mkewe, ambaye sote tunamwita yeyo, hakunigombeza hata neno moja. Ukweli ni kwamba ningependa angenigombeza. Nilipotaka kuacha kabisa kazi hii, mzee mwenyewe ndiye aliyesema: "Hujakosea kuunda. Umekosea kuniacha nikaondoka halafu usije kuangalia."

Kauli ile ndiyo iliyobadilisha biashara yangu. Sasa hakuna baiskeli inayotoka kwangu bila tarehe tatu zilizoandikwa: siku ya 3, siku ya 10 na siku ya 30. Mteja asipoileta, naifuata mimi. Kile kipande cha kukazia cheni sikukifunga tena kwa kubana tu, nakichomelea kiwe na mguu wa pili unaoegemea fremu, kisiweze kuzunguka hata bolti zikilegea. Kila nati naipiga alama ya rangi. Rangi ikikatika katikati, unajua nati imetembea.

HESABU, BILA KUDANGANYANA

Namba hizi ni za mfano tu, za kufanyia hesabu. Bei za injini zinapanda na kushuka, weka za kwako.

Tuseme boksi la injini mpaka lifike mkononi ni 350,000. Baiskeli nzuri iliyotumika 150,000. Gurudumu la mbele na breki 60,000. Fundi wa kuchomelea, nati, rangi na nauli 40,000. Jumla 600,000. Ukiuza 750,000 unasema umepata 150,000. Hapana! Toa 40,000 ya akiba kwa ajili ya zile ziara tatu na vifaa vitakavyokufa mapema. Umebaki na 110,000 kwa pesa yako 600,000 iliyolala pale mpaka mteja apatikane. Hiyo ni kama asilimia 18.

Halafu kuna ukuta. Mteja mwenye 750,000 akiongeza kidogo anaanza kuulizia pikipiki iliyotumika, yenye namba na kadi. Bei yako haiwezi kuusogelea ukuta huo. Chini yako kuna baiskeli ya kawaida, juu yako kuna pikipiki. Wewe unauza kwenye kale kanafasi ka katikati tu, na kakiisha biashara imeisha.

Njia niliyoiona afadhali ni kumfungia mtu mwenye baiskeli yake nzuri tayari. Analipia boksi la injini mwanzo kabisa, 350,000 kabla sijashika spana. Pesa yangu inayoingia ni kama 85,000 ya breki, nati na kuchomelea. Nikimtoza 520,000 kwa yote, toa ile akiba ya 40,000, nabaki na 45,000. Faida ni ndogo kuliko ile 110,000, lakini imezaliwa na 85,000 tu, zaidi ya asilimia 50, na hakuna baiskeli inayolala dukani. Kwa chalii asiye na mtaji, hii ndiyo njia. Na mkopo kwa mteja usitoe mpaka uwe umefunga kumi.

SERIKALI INASEMAJE

Hapa naomba tusikilizane vizuri. Ukishafunga injini, usijidanganye kwamba "hii ni baiskeli tu". Kwa askari wa usalama barabarani hicho ni chombo cha moto. Chombo cha moto barabarani kinatakiwa kusajiliwa TRA, kiwe na bima angalau ya kuwalinda watu wengine, na dereva awe na leseni ya daraja la pikipiki na kofia ngumu. Pikipiki ya dukani inakuja na nyaraka za forodha, namba ya chesesi na namba ya injini. Ya kwako imezaliwa chini ya mti! Kubeba abiria kwa malipo ndiyo usahau kabisa. Pikipiki na bajaji zina kanuni zake za leseni tangu mwaka 2010, na tangu 2019 msimamizi ni LATRA, aliyechukua nafasi ya SUMATRA.

Ndio maana nimesema mwanzo kwamba Ngaramtoni nashuka injini imezimwa. Hata hiyo sio kinga, ni tahadhari tu. Na ndio maana wateja wangu ni watu wa ndani ya mashamba: maji, majani, maziwa ya kufikisha kituoni kwa njia za vijijini. Kila mmoja namwambia ukweli huo kabla hajatoa pesa. Wapo walioghairi. Sawa, aheri mteja aliyeghairi kuliko mteja aliyekamatwa akilitaja jina lako.

Ukitaka kwenda mbele zaidi ya hapo, usiende peke yako. Arusha tuna bahati: TEMDO wapo hapa, CAMARTEC wapo hapa, kazi yao ni usanifu wa mashine na zana za vijijini. SIDO wapo tangu 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo. Peleka chombo chako wakione, uliza kwa barua, subiri jibu kwa barua. Jina la biashara ni BRELA, leseni ya biashara ni halmashauri. Mkiwa kikundi, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ina asilimia 4 ya vijana. Ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024. Lakini msikope kabla hamjafunga na kuzihudumia angalau tatu kwa pesa zenu.

NA ZA UMEME JE?

Najua mtauliza. Mota ya ndani ya habu haina kelele, haina mafuta ya kuchanganya, haina kale kakipande kalikomvunja mzee. Huo ndio mwelekeo wa dunia na mimi nimeanza kujifunza. Shida ni betri: ndiyo gharama kubwa, na betri mbaya ni moto ndani ya nyumba. Breki na ukaguzi ni vile vile. Na usifikiri ukiondoa moshi maswali ya usajili nayo yanaondoka.

MWISHO

Nikipewa nafasi ya kuanza upya ningeanza na baiskeli iliyosimama: mashine ya kupukuchua mahindi, pampu ya maji, kitu cha pedeli ambacho hakigombani na trafiki wala mteremko. Ningejifunzia hapo kuchomelea, kupanga bei na kumfuata mteja. Injini ingekuja baadaye.

Mzee bega limepona. Mwezi uliopita alikuja kwangu akiwa na baiskeli yake ile ile, akauliza kama naweza kumfungia tena. Nilimwonyesha kwanza ile miguu miwili niliyochomelea. Akaitingisha kwa mkono mzima, akaitingisha tena. Halafu akasema, "Siku ya tatu unakuja wewe au nakuja mimi?"

Nikamwambia naja mimi.

Haya wadau, kazi kwenu. Mwenye uzoefu wa kusajili chombo alichounda mwenyewe, hata kama alikwama njiani, aandike hapo chini alifikia wapi. Tutasaidia wengi. Nawakilisha.